Kuhusu Neno "Tutarudi Jioni" Katika Programu ya Vakanse ya Boti

Nakivale, mwezi wa nane, 2013

Kwa Papa Appolinaire,
Prezida wa Komite ya Vakanse ya Wamama,
Kanisani kwetu, Base Camp.

Ndugu Prezida, amani ya Bwana iwe kwako na kwa goti lako linalouma,

Nakuandikia kwa heshima mbili. Ya kwanza ni ya Prezida wa komite. Ya pili ni kwamba wewe ni baba ya Emery, na Emery ndiye mume wa Gisèle wangu, kwa hiyo mimi na wewe ni wakwe na siruhusiwi kukuvunjia adabu mbele ya watu. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna watu.

Shule niliishia darasa la tatu, la nne lilikuwa ng'ambo ya mto. Ukikuta kosa, liruke kama unavyoruka matope ya njia ya sokoni, endelea mbele.

Jumapili iliyopita ulisimama baada ya mahubiri ukatusomea programu. Ulisema wamama wa kanisa hili wamelima, wamepika kwenye harusi za watu, wameimba kwenye matanga mpaka sauti zimekauka, na sasa komite imeona wapumzike kwa vakanse. Jumamosi ijayo tutapelekwa mbali, tupite Mbarara, tupite Bushenyi, mpaka mfereji wa Kazinga, tupande boti ya watalii, tuangalie viboko na ndege, halafu tutarudi jioni. Wamama walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga, usidanganywe na mtu. Nilipiga kile kirefu chenye kupanda juu. Lakini nilipofika nyumbani nikavua viatu, nikakaa, nikaanza kufikiri, na kigelegele kikanirudi tumboni.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili usiseme mama huyu analia tu.

1. Kuhusu kupunguza gharama. Tutakwenda juu ya lori la Kayumba, lile linalopeleka mahindi Kasese, kwa sababu hata hivyo linapita njia hiyo. Hapo komite ilifanya vizuri, siwezi kukataa. Mahindi ni laini kuliko viti vya basi, na mama aliyeshikwa na mwenzake haanguki. Lakini kuhusu kurudi ulisema hivi, na kanisa zima ni mashahidi: "Kwenda kumelipwa. Kurudi, Mungu atafungua mlango." Watu wakasema Amina. Papa Prezida, ile Amina ilitoka haraka mno. Kayumba akishatushusha anaendelea Kasese kupakia saruji, na saruji ya Kayumba haina saa, wakati mwingine haina hata siku. Naomba komite imuulize Mungu kabla ya Jumamosi: huo mlango uko upande gani wa barabara, unafunguliwa saa ngapi, na je, unawatosha wamama wote na masufuria yao? Mimi nina sababu kubwa ya kurudi. Utaikuta mbele.

2. Kuhusu barua ya ruhusa ya kutoka kambini. Nasikia komite, kwa kubana matumizi, imeomba barua moja kwa watu wote, na imeandikwa "Papa Appolinaire na wengine". Wewe ukiwa karibu, sawa. Lakini mimi nikienda kujisaidia nyuma ya kituo cha mafuta pale Mbarara na polisi akanikuta, ataniuliza, "Wewe mama, wewe nani? Karatasi iko wapi?" Nitamjibu mimi ni wengine. Wengine wa nani? Nitakaa kituoni mpaka Prezida apatikane, na Prezida atakuwa mbele kwenye lori anasema tuko wote.

3. Hiyo inanileta kwenye lori lenyewe. Ulitangaza kwamba wewe na mchungaji mtakaa mbele na dereva "kwa sababu ya huduma". Sipingi huduma. Nauliza tu ni huduma gani inayofanyika vizuri penye kiti cha sponji na dirisha. Sisi wenye mapafu ya kuimba ndio tutakaomeza vumbi. Kama mchungaji anataka kutuombea safari, juu ya mahindi ni karibu zaidi na mbinguni.

4. Kuhusu majirani. Hii inaniuma, nivumilie.

Wewe uko hapa muda mrefu kuliko mimi, desturi ya Nakivale unaijua. Mtu jina lake likisomwa mbele ya watu, likafuatiwa na gari na alfajiri, basi huyo ameondoka. Amepata Amerika, au Kanada, au ile nchi nyingine ya baridi. Hakuna anayeuliza zaidi. Watu wanakuja kuaga, na kuaga kwetu ni kuangalia vitu. Sasa wewe ulinisoma wa kwanza, tena kwa sauti ile ya ofisi: Nabintu Miriamu! Kabla sijafika nyumbani, Mukandoli alikuwa tayari mbele ya mlango wangu anaupima kwa kamba. Akaniambia, "Mama Gisèle, pole na hongera. Huu mulango muchwa walishaukula kidogo kule chini, lakini sitakulaumu." Nehemiya fundi viatu alikaa kwenye kiti changu, akainuka, akakaa tena, akasema kinamfaa mgongo. Mukeshimana aliomba jiwe la kusagia huku akilia machozi ya kweli, mpaka na mimi nikalia.

Mtu akikulilia hivyo kwa sababu unaondoka, utamwambia nini? Utamwambia naenda kuangalia kiboko? Nilishindwa. Nikawapa. Nimegawa mlango, kiti, jiwe na jogoo aliyekuwa ananiamsha. Kesho yake wakaja kufanya maombi ya kuniaga, wakala kila kilichokuwa kwenye sufuria, wakaimba wimbo wa kuagana, na mimi, kwa aibu, nikashika sauti ya pili.

Sasa nalala na kitenge mlangoni. Mbuzi wa jirani anaingia anavyotaka, ananiangalia, anatoka. Kwa hiyo safari hii siwezi kwenda na tena siwezi kutokwenda. Nikibaki, Mukandoli atasema nilimchezea. Nikienda nikarudi jioni, watu watasema nimefukuzwa Amerika siku ileile niliyofika. Nani atamwoa binti wa mama kama huyo? Nashukuru wako ameshamwoa wangu.

5. Kuhusu neno "tutarudi jioni". Neno hilo, Papa Prezida, mimi nalijua. Tumekutana zamani.

Mwaka 1996, kule kwetu upande wa Fizi, nilikuwa nimeweka maharagwe jikoni. Marehemu mume wangu akaja anahema, akasema tuteremke ziwani, tuvuke ng'ambo kidogo, mambo yatulie, tutarudi jioni. Nikaacha sufuria motoni. Tena nilikuwa mwanamke mwenye akili, niliongeza kikombe cha maji yasiungue. Boti ilijaa watu mpaka maji yakawa yanatuchungulia. Tulikatazwa hata kukohoa. Gisèle alikuwa mchanga, kila alipotaka kulia nilimziba mdomo kwa titi, na mambo yakiwa mabaya, kwa mkono. Tukashuka Tanzania. Ile jioni bado haijafika. Maharagwe yale, kwa hesabu yangu, sasa yako karibu kuiva.

Tangu hapo nimepanda treni, nimepanda malori, nimepanda basi mpaka Kabazana, pale kambi inapopokea wageni, na kila fasi nilipofika niliambiwa ni ya muda mfupi. Hakuna chombo hata kimoja kilichowahi kunirudisha. Watu wa Mbarara wanasema "kwenda na kurudi" kama mtu anayetaja jina la shangazi yake. Mimi kurudi sikujui. Hivi mtu anayerudi anakaa upande gani wa gari? Anaangalia mbele, au nyuma? Komite haijatufundisha.

6. Namba sita nimeisahau. Naiacha wazi, nikikumbuka nitairudia.

7. Kuhusu viboko na makoti. Viboko tunao. Wanatoka ziwani kwetu usiku, wanakula mahindi, na sisi tunapiga madebe mpaka asubuhi wakitaka kwenda. Kiboko wa Nakivale anakuja mwenyewe, hahitaji lori wala programu. Sasa komite inatupeleka mbali kote huko kumwangalia ndugu yake, na nasikia tukifika tunatakiwa kukaa kimya, tusimsumbue. Kule kwake tusimsumbue! Nani aliwahi kumwambia yeye maneno hayo akiwa kwenye shamba langu?

Tena ulisema, kwa furaha, kwamba kila mama atavalishwa koti la kuelea majini kabla ya kupanda. Papa Prezida, mtu akikukaribisha nyumbani kwake na kabla hujakaa anakupa kofia ya chuma, wewe huangalii soda, unaangalia paa. Mwenye boti anajua kitu. Aulizwe.

8. Kuhusu mizigo. Programu inasema kila mama mfuko mmoja, chakula ndani yake, na kwenye boti hakuna kuwasha mbabula ya makaa. Mimi, kwa sababu nilizoeleza kwenye namba tano, nitakuja na hivi: godoro, sufuria mbili na mfuniko, jembe, mbegu za maharagwe, kadi yangu ya chakula, mbabula (haijawashwa, tumesikia), bugali baridi na samaki wakavu wa ndakala wa kutosha, na picha ya marehemu. Mlango ningeuleta, lakini uko kwa Mukandoli.

Najua utasema lori litajaa. Nimelifikiria hilo pia, na hapa ndipo ninapotaka kuisaidia komite kwa moyo wote. Kila mama akija na vitu vyake kama mimi, basi hatuna haja ya kurudi, na nauli ya kurudi, ile ambayo komite haina, haitahitajika tena. Imetoka kwenye hesabu! Kinachobaki ni mtu mmoja kutangulia Kazinga mapema, akaombe viwanja karibu na maji. Napendekeza mchungaji, maana anapenda kukaa mbele. Tutafyeka, tutapanda, tutajenga kanisa la matope, na wewe utaendelea kuwa Prezida, huko wala hakuna wa kushindana nawe ila kiboko.

9. Wakitufukuza huko, maana ni mbuga ya wanyama na wanyama wamejiandikisha kabla yetu, basi tutarudi kwa miguu. Lakini tusirudi Base Camp kama watu walioshindwa vakanse. Twende moja kwa moja Kabazana, tupange mstari, tujiandikishe upya kama wageni. Tutaulizwa tunatoka wapi, tutasema Kazinga. Tutaulizwa tumekimbia nini, tutasema viboko. Hakuna uongo hata mmoja hapo. Kila mama atapewa blanketi jipya, sufuria mpya na kiwanja kipya, mimi nitaomba kiwanja chenye mlango, na wale waliokula maombi yangu ya kuagana wataona kwamba kweli nilikuwa nimeondoka. Hapo vakanse itakuwa imejilipa yenyewe, na komite inaweza kuanza kufikiria ile ya mwaka kesho.

Sasa narudi kwenye namba sita. Sikuisahau. Niliogopa kuiandika.

Tumbo la Gisèle limeshuka. Daktari wa Base Camp anasema bado, lakini yule daktari ni kijana mwanamume, hajazaa. Mimi naangalia mwendo wake akitoka kuchota maji na naona jambo liko karibu. Ni mtoto wake wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza anaogeshwa maji ya kwanza na mama ya mama. Emery wako yuko Mbarara anafunga matairi ya magari ya watu, hawezi kuacha kazi. Wewe, babu mtu, utakuwa na mimi kwenye boti umevaa koti la kuelea. Mlango wa Mungu ukichelewa kufunguka hata usiku mmoja tu, nani atakuwa anamshika Gisèle mkono?

Yule mtoto nilimvusha ziwa nikiwa nimemziba mdomo. Alipofika ng'ambo hakulia siku nzima, nikadhani nimemharibu. Sasa huyu wake akija nataka alie kwa nguvu zake zote, awaamshe mpaka viboko, na mimi niwe palepale, mikono imelowa, namsikia.

Kwa hiyo kwa unyenyekevu naiomba komite ifanye moja kati ya haya. Ama ilipie gari la kurudi, lenye dereva anayejulikana na mama yake anajulikana. Ama iifute vakanse yote, tukapumzike nyumbani, mimi nitaleta kitenge changu. Ama kabla ya Jumamosi iite watu kanisani, isimame tena na kulisoma jina langu kwa sauti ileile ya ofisi, iseme Nabintu Miriamu haendi popote, hajaenda popote, na Mukandoli awe amekaa benchi la mbele wakati yanasemwa.

Nisalimie mama Anne, mke wako, mwambie chumvi yake nitairudisha nikipata pa kuiweka. Nisalimie mchungaji na kiti chake. Msalimie Kayumba, mwambie breki zile zilizokuwa zinalia wakati wa mavuno bado nazikumbuka. Wasalimie wanakomite wote kila mmoja kwa cheo chake. Na ukienda Kazinga bila mimi, uwasalimie viboko, uwaambie ndugu zao hapa wamenona, kwa jasho langu.

Ni mimi mkwe wako, mwenye wasiwasi lakini mwenye kukupenda,

Mama Gisèle (Nabintu Miriamu, yule uliyemsoma wa kwanza)

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua, Gisèle akaniuliza ninacheka nini na ninalia nini kwa wakati mmoja. Nikamsomea. Alicheka mpaka nikaogopa mtoto atatoka kwa kicheko. Halafu akaniambia jambo ambalo komite nzima, na vyeo vyake vyote, haikutuambia. Emery aliwahi kufika Kazinga na bosi wake kufunga tairi la gari la watalii, na aliiona hiyo boti kwa macho. Anasema haivuki kwenda popote. Inazunguka, inawaangalia viboko, inarudi palepale ilipotoka, na watu wanashuka kwenye ubao uleule waliopandia, watu walewale, hakuna aliyebaki. Nikamuuliza, kila siku? Akasema kila siku. Na watu wanalipa kwa ajili ya hilo!

Papa Prezida, kwa nini hukuanzia hapo? Ungesema boti inarudisha watu, mimi nisingegawa hata jiwe la kusagia.

Gisèle aliponiona naikunjua tena barua akasema, "Mama, wende tu. Miye tangu nazaliwa nasikia tutarudi mangaribi, tutarudi mangaribi. Nataka nione mutu wetu mumoja alisema vile na akarudi. Mutoto atakungojea, nilishamuambia."

Basi futa yote, kuanzia namba moja mpaka namba tisa, godoro, viwanja na Kabazana. Niandike wa kwanza, mbele kabisa kwenye boti, nataka huko kurudi kunifikie mimi kabla ya wengine. Nitakuja na mfuko mmoja. Koti la kuelea nitalivaa, lisiwe la rangi ya kijani. Kuhusu gari la kurudi, Mungu akichelewa kufungua mlango nitapita tu, nimeshazoea kukaa bila mlango. Mukandoli aambiwe ule mlango wangu nitaufuata kwake Jumamosi hiyohiyo, mangaribi.

Na alfajiri kabla sijapanda lori nitaweka maharagwe motoni. Gisèle ataongeza maji. Msinicheleweshe huko, yataungua.